Yatima Apewe Jamaa, Asipewe Jumba

Ipo rai iliyoenea nchini, na kila mwaka hupata wafuasi wapya, kwamba mtoto aliyefiwa na wazazi, au aliyetupwa, au aliyeonewa nyumbani kwao, dawa yake ni jumba. Jumba hilo hujengwa kwa matofali na mabati, huzungushiwa ukuta, hupewa jina la huruma, na siku ya kufunguliwa watu hupiga makofi. Watoto huletwa kutoka vijiji mbalimbali, huvishwa nguo za rangi moja, hufundishwa wimbo wa kumpokea mgeni, kisha hupigwa picha. Rai hii ina wema ndani yake, na kwa sababu hiyo ni vigumu kuipinga. Maana ubaya hutambulikana kwa sura yake, lakini kosa lililovaa nguo za wema hupita milangoni bila ya kuulizwa. Hata hivyo ni kosa. Mahali pazuri pa kulipimia ni Kyela na vijiji vya pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa, kwa kuwa nchi ile imekusanya mambo matatu pamoja: misiba iliyowaacha watoto wengi bila ya wazazi, mali ya kutosha kuwalisha watoto hao, na kumbukumbu ya desturi ya malezi ya pamoja ambayo wageni waliiandika vitabuni kabla ya uhuru.

Bonde la Kyela limelala chini ya milima ya Livingstone kwa upande wa mashariki na miinuko ya Rungwe kwa upande wa kaskazini. Mito ya Songwe, Kiwira, Mbaka na Lufilyo huteremka humo na rutuba, na mara nyingine na mafuriko. Mchele wake hutajwa kwa sifa katika masoko ya miji mikubwa; kakao, michikichi na migomba husimama nyuma ya nyumba; ziwa hutoa usipa na mbasa; na gulio la Lyulilo, karibu na Matema, hujaa vyungu vya wanawake wa Kikisi vilivyoletwa kwa mitumbwi. Mtu apitaye Ipinda wakati wa mavuno hawezi kusema kwamba amepita katika nchi ya njaa. Basi mtoto akilala na njaa katika nchi kama hiyo, chakula si kitu kilichokosekana. Kilichokosekana ni mtu wa kumwita mtoto yule sahanini.

Chanzo cha upungufu huo chajulikana. Ukimwi ulipotambuliwa nchini mwaka 1983, wagonjwa wa kwanza walikuwa Kagera, lakini ugonjwa haukukawia kufuata njia za magari makubwa mpaka kusini. Uchunguzi wa taifa wa mwaka 2003 na 2004 ulionyesha kwamba watu wazima 7 katika kila 100 nchini walikuwa na virusi. Katika mkoa wa Mbeya, ambao wakati huo ulikuwa bado haujagawanywa kutoa mkoa wa Songwe, hesabu ilizidi 13, na hapakuwa na mkoa uliouzidi. Kyela ilikuwa na kila mlango ambao ugonjwa huo hupenda kuupitia: mpaka wa Kasumulu, bandari ya Itungi, biashara ya mpunga, na vijana waliokwenda mbali kutafuta kazi na kurudi wagonjwa. Tangu dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bure mwaka 2004, wazazi wengi wameponea chupuchupu, na hiyo ni neema kubwa. Lakini uyatima haukukoma. Uzazi ungali unaua, ziwa lingali linazamisha mitumbwi, malaria ingali ipo, na ndoa zingali zinavunjika na kumwacha mtoto kwa bibi asiye na nguvu. Serikali huwaita watoto hawa wote watoto wanaoishi katika mazingira hatarishi. Jina hilo ni refu, lakini lina haki moja: linakumbusha kwamba mtoto aweza kuwa na wazazi wawili walio hai na bado akawa hana mlezi.

Kwa nini jumba si dawa? Sababu ya kwanza ni kwamba wengi wa watoto waliomo majumbani humo hawakukosa jamaa. Shirika la Save the Children lilitangaza mwaka 2009 kwamba, duniani kote, watoto wanne katika kila watano walio katika majumba ya malezi wana mzazi mmoja au wote wawili walio hai. Hawakupelekwa huko na kifo. Walipelekwa na umaskini. Bibi akiona kwamba ndani ya ukuta kuna wali, viatu na ada, na nje ya ukuta hakuna kitu, atampeleka mjukuu wake ndani ya ukuta, si kwa kumchukia, bali kwa kumpenda. Hivyo jumba lililojengwa ili liokoe watoto walioachwa huanza kufundisha watu kuacha watoto. Lau msaada ule ule ungalifika kwenye kibanda cha bibi, mtoto asingaliondoka.

Sababu ya pili ni gharama. Mwaka 1997 Benki ya Dunia ilichapisha hesabu kutoka mkoa wa Kagera, iliyoonyesha kwamba kumtunza mtoto mmoja katika jumba la yatima kwa mwaka kulipita dola 1,000, karibu mara sita ya gharama ya kumsaidia mtoto kama huyo katika nyumba ya mlezi. Mtoto mmoja huingia ndani ya ukuta kwa fedha zilizotosha watoto sita nje yake, na wale watano waliobaki hawaonekani katika picha. Kadhalika, fedha za jumba huanza kwa kulipa mlinzi, mpishi, mhasibu, dereva na mafuta ya gari, na mtoto hupata kinachosalia. Fedha za nyumba ya mlezi huanza kwa mtoto, kwa kuwa hakuna mtu mwingine wa kuzianza.

Sababu ya tatu ni nzito kuliko hizo mbili, nayo ni akili na moyo wa mtoto mwenyewe. Katika mji wa Bucharest, huko Romania, wataalamu walianza mwaka 2000 kuwafuatilia watoto wadogo 136 waliokuwa wakikulia katika majumba ya serikali. Kwa kura, nusu yao walipelekwa kwa walezi katika nyumba za kawaida na nusu wakabaki katika malezi waliyokuwa nayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2007 hayakuacha shaka: waliokwenda kwa walezi walikua akili kuwapita waliobaki, na waliokwenda kabla ya kutimiza miaka miwili walifaidika zaidi. Walichokikosa majumbani si uji, wala kitanda, wala dawa. Walikosa uso mmoja wa kuuzoea. Mtoto mchanga anayelelewa kwa zamu na watu wanane, kila mmoja akishika saa zake na kwenda zake, hujifunza mapema kwamba watu ni wapitaji. Somo hilo akilishika halimtoki upesi.

Sababu ya nne ni ya Kyela hasa. Mtoto atolewaye kijijini kwao huacha nyuma zaidi ya huzuni. Huacha makaburi ya wazazi wake, lugha ya nyumbani, watani wake, na shamba. Baba aliyekufa na kuacha mikakao 200 hakumwacha mwanawe maskini; alimwacha tajiri mdogo asiyejua kuhesabu. Mti wa kakao huzaa miaka mingi, na bei ya kakao duniani mwaka 2024 ilipita dola 10,000 kwa tani, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mtoto akikaa ndani ya ukuta miaka kumi, nani atakayevuna? Atakayevuna ni yule yule aliyeshauri kwa bidii kwamba mtoto apelekwe mbali akapate malezi bora. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yakataza kumnyima mtoto manufaa ya mali ya wazazi wake. Lakini sheria haina miguu ya kwenda shambani ikiwa mwenye haki hayupo kijijini na majirani wamesahau jina lake.

Hapa husimama kundi la pili, ambalo hufurahi kusikia majumba yakilaumiwa, na husema: Basi waachieni ukoo. Damu ni nzito kuliko maji. Mwafrika hakujua jumba la yatima, na hakuna mtoto aliyekosa baba maadamu baba mdogo yuko hai. Kundi hili nalo lapaswa kujibiwa, tena kwa ukali ule ule, maana kosa lake limeumiza watoto wengi kuliko majumba yote, nalo halina hata ukuta wa kulionyesha.

Ni kweli kwamba ukoo ndio uliobeba mzigo. Ukimwi ulipokuwa ukiua kwa wingi, mabibi na mashangazi wa Kyela walipokea watoto ambao hakuna serikali iliyoweza kuwapokea. Sifa hiyo ni yao, na haina mpinzani. Lakini kupokea ni jambo moja na kulea ni jambo jingine. Wahenga walisema: Kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Walisema pia: Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mithali hii ya pili ilikusudiwa mtu mzima aliyekuja kutembea. Lakini ziko nyumba ambamo mtoto wa ndugu hupewa jembe siku ya kwanza, na siku mbili za ugeni hakuziona. Yeye ndiye achotaye maji kabla ya jua, aamiaye ndege katika mpunga wakati wenzake wako darasani, aanikaye kakao, alaye ukoko, na alalaye jikoni. Watoto wa mwenye nyumba hununuliwa daftari. Yeye huambiwa kwamba mwaka ujao huenda mambo yakawa mazuri. Akinung'unika, huitwa asiye na shukrani.

Wala si kazi tu. Uchunguzi wa taifa uliofanywa mwaka 2009 juu ya ukatili dhidi ya watoto, na kutangazwa mwaka 2011, ulionyesha kwamba karibu wasichana 3 katika kila 10 nchini, na mvulana 1 katika kila 7, walikuwa wamefanyiwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18. Aghalabu mtendaji wa mambo hayo si jini wa porini. Ni mtu ambaye mtoto humjua na kumwamkia. Anayesema kwamba damu peke yake ni ulinzi wa kutosha ajibu hesabu hiyo kwanza. Mtoto aliyefiwa ana mashahidi wachache kuliko mtoto mwingine yeyote. Akionewa, hana mama wa kumnong'oneza. Kumkabidhi kwa ukoo na kugeuza mgongo ni kumwacha bila ya shahidi hata mmoja, na kuuita uzembe huo jina la heshima: mila.

Fauka ya hayo, wasemao mila hawaijui mila wanayoitaja. Godfrey Wilson na mkewe Monica walikaa miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, na mwaka 1951, baada ya mumewe kufa, Monica Wilson alichapisha kitabu kiitwacho Good Company, yaani ushirika mwema, wazo ambalo Wanyakyusa huliita ukwangala. Kitabu hicho kilieleza jambo lililowashangaza wasomaji wa dunia nzima. Wavulana wa Kinyakyusa, wafikapo umri wa miaka kumi au kumi na mmoja, waliondoka katika nyumba za baba zao, wakajenga vibanda vyao pembezoni mwa kijiji cha wazazi, wakaishi huko na wenzi wa rika lao. Walilima mashamba ya baba zao, na chakula walikula kwa mama zao; lakini hawakwenda kula mmoja mmoja. Walikwenda kundi zima, leo kwa mama wa huyu, kesho kwa mama wa yule. Kula peke yako lilikuwa jambo la aibu.

Msomaji na afikiri maana ya desturi hiyo kwa mvulana aliyefiwa na mama. Zamu ya nyumba yake haikuwapo, lakini kundi lake lilikuwa na nyumba nyingine, naye hakusimama mlangoni kama mwombaji. Aliingia na rika lake kama mwenye haki. Kila mama katika kijiji alimwona mara kwa mara, akajua kama amekonda, kama ana kidonda, kama hacheki tena. Wenzi wake walilala naye kibanda kimoja na kujua alikokwenda. Mtoto alikuwa na mashahidi ishirini. Huo ndio moyo wa mila ile, nao uko mbali sana na mila ya siku hizi ya kumkabidhi mtoto kwa mtu mmoja, nyuma ya mlango mmoja uliofungwa.

Wala isidhaniwe kwamba yafaa kurudi nyuma na kujenga vibanda vile upya. Desturi ile haikuwa pepo. Wasichana hawakuwa na kijiji chao, na wengi waliozwa wakiwa wadogo kwa wanaume waliowazidi umri sana. Vijana walichelewa kuoa kwa sababu wazee walishika ng'ombe, na mpango mzima uliwanufaisha wazee zaidi. Monica Wilson mwenyewe alionyesha katika maandishi yake ya baadaye jinsi uhaba wa ardhi, safari za kwenda kazini katika machimbo ya dhahabu ya Lupa na ya shaba huko Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, pamoja na dini na shule, zilivyoibomoa desturi ile taratibu. Kilichokufa kimekufa. Lakini mtu afapo huacha urithi, na urithi wa desturi ile ni kanuni mbili: mtoto ale katika nyumba za watu, na nyumba hizo ziwe nyingi na wazi kiasi cha kushuhudiana.

Kanuni ya kwanza yahusu malezi ya kambo. Hapa lugha yenyewe imeweka mwiba, maana neno kambo likisikika watu hukumbuka hadithi za mama mkali na mtoto anyimwaye chakula. Huenda jina bora lingalikuwa malezi ya amana, kwa kuwa mtoto huyu si mali ya mlezi wala si mtumishi wake. Ni amana aliyowekewa, na amana hudaiwa. Lakini jina litangoja. Jambo lenyewe halingoji. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 iliufungua mlango wa malezi haya, na kanuni zilizotungwa mwaka 2012 zikaeleza namna ya kuupita: mlezi achunguzwe, akubaliwe, akabidhiwe mtoto kwa maandishi, na atembelewe na ofisa wa ustawi wa jamii. Sheria hiyo hiyo yasema kwamba manufaa ya mtoto ndiyo yatangulizwe katika kila shauri linalomhusu. Tanzania ilikuwa imekwisha kuukubali Mkataba wa Haki za Mtoto tangu mwaka 1991, na mwaka 2009 Umoja wa Mataifa ulitoa mwongozo uliosema kwamba malezi ya jumba yatumike pale tu yanapofaa na kuhitajika, na kwamba watoto wadogo hasa walelewe katika familia. Hakuna basi anayeweza kusema kwamba njia haijulikani. Njia imechongwa, wapitaji ndio wachache.

Ili wapitaji waongezeke Kyela, mambo manne hayana budi kufanywa. La kwanza, kila kijiji kiwe na orodha ya nyumba zilizochunguzwa mapema, kabla msiba haujaingia, ili mtoto asipate mlezi kwa kubahatisha siku ya matanga, wakati watu wana huzuni na wengine wana tamaa. La pili, mlezi asaidiwe. Mtu anayepokea mtoto wa mwenziwe kwa hiari ametenda fadhila. Lakini fadhila isiyosaidiwa huchoka, na uchungu wa kuchoka humwangukia mtoto. La tatu, mali ya mtoto iandikwe. Kakao ya Kyela huuzwa kwa kupimwa na kuandikwa katika vyama vya ushirika, na jina la muuzaji huwekwa katika karatasi. Basi miti ya marehemu iandikwe kwa jina la mwanawe, na fedha zake ziwekwe mahali ambapo mlezi hawezi kuzifikia bila ya saini ya ofisi ya kijiji na ya ustawi wa jamii. Jambo hili halihitaji mfadhili. Lahitaji kalamu na mtu mwaminifu. La nne, mtoto mwenyewe aulizwe, tena aulizwe peke yake, mbali na masikio ya mlezi, na aulizwe zaidi ya mara moja. Hili lina uzito wa pekee katika nchi ya mpakani. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu, na mto Songwe kwao ni kivuko tu. Mtoto aweza kupelekwa kwa mjomba ng'ambo ya pili leo jioni, na kesho hayumo katika daftari la nchi yoyote.

Kanuni ya pili, ya ushahidi, yahusu saa za baada ya shule. Tangu mwaka 2016 ada iliondolewa mpaka kidato cha nne, na mwaka 2022 ikaondolewa mpaka kidato cha sita. Jambo hilo lilikuwa jema sana. Lakini shule hufunga alasiri, na jua la Kyela huzama karibu na saa 12 na nusu. Katikati yake ziko saa tatu au zaidi. Mwaka wa shule una siku 194. Saa tatu za kila siku hufanya saa 582 kwa mwaka. Mtoto mwenye mama huzitumia saa hizo akiitwa, akikaripiwa, akitumwa na akilishwa. Mtoto asiye na mama huzitumia akiwa sokoni, au ufukweni Matema akisubiri mitumbwi ili apewe konzi ya usipa kwa kuvuta nyavu, au Kasumulu akibeba mizigo ya wasafiri. Huko ndiko msichana anakopewa soda na dereva, na mvulana anakofundishwa kwamba fedha ya leo ni bora kuliko kitabu. Mwalimu aliyemfundisha asubuhi hutenguliwa jioni na ulimwengu, maana asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu hauna mtaala.

Saa hizi zaweza kuokolewa kwa vitu ambavyo kijiji tayari kinavyo. Madarasa yapo, na alasiri huwa matupu. Walimu wastaafu wapo, na wengi wao hukaa barazani wakisikitika kwamba vijana hawasomi. Wanafunzi wa sekondari wapo, wanaoweza kuwasaidia wadogo hesabu na kusoma. Wanawake wapo, ambao mama zao na bibi zao waliwapikia wavulana wa rika zima kwa zamu. Mchele upo, ndizi zipo, samaki wapo. Kinachotakiwa ni sufuria kubwa, taa ya jua, mpira, vitabu vichache vya hadithi, na kitabu cha mahudhurio. Kitabu hicho ndicho shahidi wa kwanza: mtoto akikosa kuonekana siku mbili, mtu huenda kwao kuuliza. Yafaa watoto wote waruhusiwe kuja, wenye wazazi na wasio nao, ili pasiwe na kundi linaloitwa kundi la yatima. Chakula kinacholiwa na wote hakimwaibishi mtu. Chakula kinacholiwa na maskini peke yao humpiga mtoto muhuri usoni.

Watapinga wengine kwamba fedha hazipo. Wasemao hivyo na watazame kilichotokea mwaka 2025. Miaka mingi msaada wa watoto hawa ulitegemea sana fedha za Marekani. Mwezi Januari mwaka ule serikali mpya ya Marekani ilisimamisha misaada ya nje, na Julai 1 shirika lake la misaada likafungwa. Anayejenga malezi ya watoto wake juu ya kura za nchi nyingine ameyajenga juu ya mchanga wa ufuko. Halmashauri ya wilaya hupata ushuru kutokana na mazao, na kakao na mpunga ni mazao ya Kyela. Katika mapato ya ndani ya halmashauri, sheria hutenga asilimia 10 kwa mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Katika hesabu hiyo mtoto hakutajwa, kwa kuwa mtoto hakopi wala hapigi kura. Lakini vikundi vya wanawake walezi vyaweza kukopa kwa haki kabisa, na sehemu ndogo ya ushuru wa kakao yaweza kutengwa kwa sufuria ya alasiri. Haba na haba hujaza kibaba. Ila kibaba hakijai ikiwa kila haba huenda kununua viti vya ukumbi.

Watapinga wengine kwamba watu watapokea watoto kwa tamaa ya posho. Hofu hii ina msingi, na dawa yake ni ile ile ya mashahidi: ofisa atembelee bila ya taarifa, mwalimu aandike, majirani waulizwe, mtoto asikilizwe. Mlezi mwenye nia mbaya hupenda mahali pasipo na macho. Lakini ajabu ni kwamba hofu hii haiulizwi juu ya majumba, ambako posho ni kubwa zaidi na ukuta ni mrefu zaidi.

Wako pia watakaouliza kama majumba yote yafungwe kesho. Hasha. Wapo watoto ambao usiku wa leo hawana mlango mwingine, na kuwafukuza kwa jina la hoja nzuri kungekuwa ukatili mpya. Jumba libaki kama kivuko, mahali pa siku chache au miezi michache, wakati jamaa wanatafutwa na mlezi anaandaliwa. Kosa la kivuko ni kugeuzwa kijiji. Na kila mwenye jumba apimwe kwa hesabu moja tu: mwaka huu amewarudisha watoto wangapi katika nyumba za watu? Anayejivunia wingi wa vitanda vyake anajivunia idadi ya watoto aliokosa kuwapatia kwao.

Mkono mmoja haulei mwana. Kila mtu huitamka mithali hii, na wengi huitamka wakiwa wameweka mikono yao mifukoni. Kyela ina mikono. Inayo mikono ya mabibi waliozika watoto wao na kulea wajukuu, ya wakulima wajuao thamani ya mti uliopandwa na baba, ya walimu, na ya majirani. Mikono hiyo haikuungana kwa sababu kila mmoja aliambiwa kwamba kazi ni ya mwingine: serikali ikaambiwa ni ya ukoo, ukoo ukaambiwa ni ya mfadhili, na mfadhili akajenga ukuta na kurudi kwao. Mtoto aliyesimama nje ya darasa tupu alasiri ya leo, asijue aende kwa nani, hana haja ya kujua ni nani aliyekosea katika mabishano hayo. Ana haja ya nyumba itakayomngoja jioni, na ya mtu atakayeuliza mbona amechelewa.